Mjadala: Polisi wachukue rekodi za simu bila kupita kwa jaji?

Kipepeo wa Kilindini
Wadau, tujadili hili bila matusi. Katiba yetu ya Kenya ya 2010, ibara ya 31, inalinda siri ya mawasiliano ya mtu. Ibara ya 24 inaruhusu haki hiyo ibanwe, ila kwa sheria iliyoandikwa na kwa kiasi kinachohitajika tu. Sasa mtu ametekwa, ni saa nane za usiku, mpelelezi anataka kujua simu yake ilionekana mwisho kwenye mnara upi. Aende kwa jaji kwanza, au kampuni ya simu itoe na karatasi zifuate? Mimi nasema jaji kwanza. Anayepinga alete utaratibu, asituletee "usalama wa taifa" akaishia hapo.

Askari Kanzu Mstaafu
Rahisi kuandika hayo ukiwa kivulini. Hesabu mashambulizi ya magaidi: Westgate 2013, waliouawa 67. Garissa 2015, 148. Dusit 2019, 21. Halafu wengi hapa hawajui hata kinachoombwa. Rekodi ya simu ni mistari tu: namba iliyopiga, iliyopigiwa, tarehe, saa, sekunde walizoongea, namba ya seli (upande wa mnara uliohudumia simu), IMEI ya simu, IMSI ya laini. Sauti haimo. Maneno ya meseji hayamo. Ni kama daftari la soja wa geti, nani kaingia na saa ngapi. Asiye na la kuficha aogope nini? Na mwenye la kuficha si abadilishe laini tu, mbona mnatia kilio?

Wakili wa Jioni
Mnagombania kitu ambacho sheria ilishakitenganisha. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018: kifungu cha 51, mpelelezi anampa kampuni notisi ya kuhifadhi data isifutwe. Kuikabidhi ni kifungu cha 50, na hapo ni amri ya mahakama. Kufuatilia nani anawasiliana na nani wakati inatokea, 52, mahakama. Kunasa maneno yenyewe, 53, mahakama. Kwa hiyo usiku unagandisha data, mahakamani unakwenda kuichukua. Hakuna ushahidi utakaopotea ukimsubiri jaji.
Kwenye ugaidi kuna njia yake, Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012. Kifungu cha 36 kinamtaka ofisa wa cheo cha Inspekta Mkuu (Chief Inspector) kwenda juu, awe na idhini ya maandishi ya Inspekta Jenerali au ya Mkurugenzi wa Mashtaka, ndipo aombe Mahakama Kuu, tena bila upande wa pili kuitwa. Mlango mpana ni 36A, ulioongezwa Desemba 2014: vyombo vya usalama wa taifa vinanasa mawasiliano kwa utaratibu anaouweka waziri. Februari 2015 majaji watano walifuta vifungu vinane vya marekebisho yale, kikiwemo cha kuwawekea wakimbizi ukomo wa 150,000. 36A wakakiacha. Mkitaka kupigana, pigana na hicho.

Fundi wa Luthuli
"Abadilishe laini tu." Mstaafu, kama ndivyo mlivyofikiri kazini, wezi walikuwa wanawacheka.
Simu ina namba yake, IMEI, tarakimu 15. Nane za kwanza zinataja aina ya simu, sita zinazofuata ni za kipande hicho, ya mwisho ni ya kuhakiki kwamba zilizotangulia hazikukosewa. Bonyeza *#06# uione. Simu ya laini mbili inakuletea mbili. Laini nayo ina IMSI, ya Kenya inaanza na 639. Ukichomoa laini ya zamani ukaweka mpya, simu ikiwaka inajitambulisha kwa mtandao, na kule IMEI ileile inaonekana imekaa na IMSI mpya. Mpelelezi anapanga jedwali kwa safu ya IMEI, laini zote zilizowahi kukaa humo zinafuatana zenyewe.
Ukibadilisha simu ukabaki na laini, ni yaleyale kwa upande wa pili. Ukibadilisha vyote viwili halafu ukaendelea kumpigia mama, mwenye nyumba na mtu wa gesi, namba mpya inachora duara lilelile la watu. Na ukibeba simu mbili mfuko mmoja, zinahama mnara hadi mnara kwa dakika zilezile.

Askari Kanzu Mstaafu
Kijana punguza dharau. Hao wezi IMEI wanabadilishiwa na nani kama si mafundi wa simu wa hapo hapo mtaa wa Luthuli, Nairobi? Tuanze na hilo.

Fundi wa Luthuli
Tuanze basi. Simu feki nyingi zinatoka kiwandani na IMEI moja kwa rundo zima, nyingine sufuri tupu. Ndiyo sababu usiku wa 30 Septemba 2012 Tume ya Mawasiliano ilipozizima, karibu milioni 1.9 zilikatika. Fundi hakuzigusa hizo. Na matokeo yake kwenye jedwali lenu ni haya: simu mbili zenye IMEI moja zinahesabiwa moja, na mtu wa Kisumu "anaonekana" Mombasa baada ya dakika ishirini. Kabla hujamkamata, angalia kama IMEI hiyo inatumika sehemu mbili kwa wakati mmoja. Mwendesha bodaboda hana ndege.

Bi Kanga Mbili
Nirudi kwenye daftari la geti. Geti gani linaloandika nani amepigia kliniki ya ukimwi, nani amepigia wakili wa talaka, na nani alizungumza na mwandishi wa habari usiku wa kuamkia habari kutoka? Sauti ya nini tena hapo? Bahati nzuri jambo lenyewe lilikwisha. Jaji Mativo aliuzuia ule mfumo wa kuchungulia simu na kesi ikafungwa.

Wakili wa Jioni
Haikufungwa, dada. Tume ya Mawasiliano iliziandikia kampuni za simu Januari 2017 kuhusu ule mfumo wa kusimamia vifaa, kwa maelezo kwamba unatafuta simu feki. Mativo akauzuia Aprili 2018. Mahakama ya Rufaa ikatengua Aprili 2020, na Mahakama ya Juu ikatupa rufaa ya Chama cha Wanasheria Aprili 2023. Unachokichanganya labda ni kile cha Julai 2025, Jaji Chacha Mwita alipofuta agizo la tume na mamlaka ya kodi kwamba IMEI za simu ziandikishwe. Hiyo ni kesi nyingine kabisa.

Bi Kanga Mbili
Shukrani kwa darasa, mwalimu. Hata hivyo tuna korti za kukimbilia. Angalau hatujafika Tanzania, ambako bila kidole huna laini na watu wanasema "ndiyo mzee".

Mkuu wa Mbagala
Nilikuwa nasoma kimya kimya, ila hapo dada umenigusa. Kidole kweli tuliweka, na namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, tarakimu 20. Mwisho ulikuwa 31 Desemba 2019, ukasogezwa hadi 20 Januari 2020. Na nyinyi je? Laini zenu zilisajiliwa upya, mwisho 15 Aprili 2022 ukasogezwa hadi 15 Oktoba, foleni tuliziona huku. Simu feki sisi tulizima 16 Juni 2016, na kabla ya hapo mtu alituma IMEI yake kwenda 15090 akajibiwa simu yake ni ya aina gani. Hakuna aliyeambiwa ghafla. Na kwenye Huduma Namba ya 2019, usajili wenu wa utambulisho wa taifa, mlipimwa nini, kucha?

Bi Kanga Mbili
Tulipimwa vidole, na tukaenda kortini! Januari 2020 majaji watatu wakazuia ukusanyaji wa DNA na wa vipimo vya GPS vya makazi. Oktoba 2021 Jaji Ngaah akasema kadi zilitolewa bila tathmini ya athari inayotakiwa na kifungu cha 31 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Nyinyi sheria kama hiyo mmeipata lini?

Mkuu wa Mbagala
2022, ikaanza kutumika 1 Mei 2023. Tumechelewa, sawa. Sasa nisomee kifungu cha 51 cha hiyo ya kwenu. Usalama wa taifa umewekwa nje ya sheria, au nimesoma vibaya? Mmejenga nyumba nzuri na mlango wa nyuma mkauacha wazi, halafu mnamcheka jirani ukuta.

Bi Kanga Mbili
Umesoma nusu. Imeandikwa pale inapokuwa "lazima".

Mkuu wa Mbagala
Na lazima hiyo anaipima nani? Kama ni huyohuyo anayeitaka data, basi.

Kipepeo wa Kilindini
Jamani, swali lilikuwa la jaji.

Mhandisi wa Minara
Kabla hamjafika kwa jaji, mjue mtakachomwomba. Rekodi haisemi mtu alikuwa wapi. Inasema simu ilihudumiwa na seli ipi tukio lilipoandikwa. Mnara wa kawaida umegawanywa pande tatu, kila upande nyuzi 120 hivi. Mjini seli moja inashika mita mia kadhaa. Tana River ni kilomita na kilomita, na kwenye 2G ukomo wa kawaida ni 35. Kipo kipimo cha muda wa mawimbi kinachokadiria umbali kwa hatua za mita 550 hivi kwenye 2G na 78 hivi kwenye 4G. Hicho kwa kawaida hakimo kwenye rekodi za malipo, na hizo ndizo wapelelezi wengi wanazopewa.
Tena simu haishiki mnara ulio karibu, inashika unaosikika vizuri na wenye nafasi. Chukua kivuko cha Likoni, Mombasa. Maji hayazuii mawimbi. Aliyesimama upande wa kisiwani saa za msongamano anaweza kuhudumiwa na mnara wa ng'ambo bila kuvuka. Mtu akija kortini na ramani yenye nukta nyekundu juu ya mnara, akasema "mshtakiwa alikuwa hapa", ameshakosea.
Na huo "mnara wa mwisho" wa saa nane za usiku: simu iliyotulia mfukoni haiandiki mstari. Mtandao unajua kundi la minara tu. Simu janja huandika mara kwa mara kwa sababu data haitulii, lakini kabambe, simu ya vitufe, inaweza kukaa kimya, na mstari wa mwisho ukawa wa saa tatu nyuma. Kwa aliyetekwa, kinachosaidia ni kuiuliza simu ikiwa bado hewani. Hilo jaji hawezi kulisubirisha hadi asubuhi, nalisema wazi ingawa niko upande wa jaji. Kinatakiwa kifungu cha dharura: ofisa mwenye cheo anasaini kwa jina lake, saa na sababu zinaandikwa, na jaji anakagua baada ya muda uliopangwa. Asiporidhika, kilichopatikana hakitumiki.

Askari Kanzu Mstaafu
Nukta nyekundu zimefunga majambazi wengi, mhandisi. Tulikuwa tunaleta cheti cha kifungu cha 106B na mahakama inapokea. Huwezi kutufundisha kazi.

Wakili wa Jioni
Mzee, mhandisi amekuunga mkono nusu nzima na wewe umeshika nukta. Haya, tuzungumzie cheti. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti kitaje rekodi, kieleze ilivyotolewa na kwa mtambo gani, kisainiwe na anayehusika na mtambo huo. Kesi zinapovunjikia ni hapa: cheti kimesainiwa na mpelelezi aliyepokea faili kwa barua pepe, wala si ofisa wa kampuni aliyeitoa kwenye mfumo. Au jedwali limekatwa safu ya IMEI ili litoshe karatasi. Au saa za mfumo ni za UTC, saa za kimataifa, na hakuna aliyeongeza tatu za kwetu, hivyo simu ya saa mbili usiku inasomeka saa kumi na moja jioni, na kisingizio cha mshtakiwa kinageuka uongo au ukweli kwa sababu ya hesabu ya mtoto.

Fundi wa Luthuli
Ongezea Excel. Ukifungua faili la maandishi moja kwa moja, IMEI inageuka kitu kama 3.54E+14. Ukilihifadhi hivyo hivyo kama maandishi, tarakimu zimekwenda na hazirudi. Safu ile iwekwe kuwa maandishi kabla ya kuingiza data, na faili la asili lisiguswe kabisa.

Kikapu cha Mtwapa
Mnapoteza muda. Kuna mashine za mnara bandia. Hizo haziombi kampuni wala jaji.

Mhandisi wa Minara
Zipo, na zinategemea udhaifu wa 2G: mtandao unaithibitisha simu, simu haiuthibitishi mtandao. Zinalazimisha simu ishuke kutoka 4G. Kwenye Android nyingi za karibuni, mipangilio ya laini ina kitufe cha kuruhusu 2G. Ukikizima, huduma inaweza kukatika pale penye 2G peke yake, kwa hiyo msafiri wa bara akiwashe tena. WhatsApp inalinda maneno, lakini haifichi kwamba simu yako iko hewani. USSD, zile huduma za kupiga nyota na reli, haina ulinzi wa aina hiyo kabisa.

Bi Kanga Mbili
Kwa hiyo tutumie ishara za moshi. Mkuu wa Mbagala, huko moshi unasajiliwa?

Mkuu wa Mbagala
Unasajiliwa, kwa kidole 😂. Lakini la maana: piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Huku inafanya kazi, na nasikia kwenu Safaricom nao wanayo. Rekodi zote mnazogombania zinaanzia kwenye jina. Jina likiwa si sahihi, jaji anasaini amri ya kumfuata mtu mwingine.

Kikapu cha Mtwapa
Na ukikuta namba usiyoijua unafanyaje?

Wakili wa Jioni
Usiipigie. Nenda dukani kwa kampuni na kitambulisho halisi. Kabla haijafutwa, omba waandike ilisajiliwa tarehe gani na kwa wakala yupi. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Ulinzi wa Data kinakupa haki ya kuona data yako na kutaka iliyo ya uongo irekebishwe. Ikishafutwa, chukua uthibitisho wenye tarehe. Wakikuambia mfumo uko chini, acha barua na nakala yake igongwe muhuri. Kama namba hiyo ilishatumika kwenye utapeli, andikisha polisi upate namba ya OB, kitabu cha matukio cha kituo, siku hiyohiyo.

Askari Kanzu Mstaafu
Hapo kwenye OB, tumekubaliana. Ila wasije na nakala ya kitambulisho, waje na chenyewe.