Tupeane uzoefu: kubadilisha mipira ya mafuta kwenye gari la zamani

Mzawa wa Igoma
Mwangaluka wakuu. Gari za miaka ya 90 bado zimejaa Mwanza, na nyingi zinatembea na mipira ya mafuta (paipu za mpira zinazopeleka petroli au dizeli kwenye injini) iliyotoka nayo kiwandani. Mwenye ujuzi aweke hapa: aina gani, saizi gani, unafungwaje, wapi watu wanakosea. Visa vya "gari lilinizimikia Usagara" tuviache, tunataka kazi yenyewe.

Naanza na ukaguzi. Usihangaike na katikati ya mpira, angalia ncha zote mbili na kwenye kona. Ukunje kidogo: ukipasuka nyufa kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi, toa. Ukiwa mgumu kama plastiki, toa. Ukiwa mlaini na umevimba karibu na klipu, huo umeshanyonya petroli, toa pia. Harufu asubuhi gari likiwa limelala, halafu mwendoni huisikii, isikudanganye kwamba tatizo limeisha. Ni upepo tu unaipeperusha. Gari la namna hiyo usilipeleke kwenye kivuko cha Kamanga, mnakobanana na gari za wenzio.

Sato wa Kirumba
Kabla ya saizi, aina. Soma maandishi ubavuni mwa mpira. SAE 30R7 ni ya kabureta na ya mvuke wa petroli. SAE 30R9 ni ya EFI, yaani injini inayopuliza petroli kwa nozeli kwa presha kubwa. Presha ya kabureta haifikishi hata baa 0.5, lakini EFI ya gari ndogo inafanya kazi kwenye baa 2.5 mpaka 3.5. R7 kikomo chake ni psi 50, kama baa 3.4, kwa hiyo ukiifunga kwenye EFI inaishi ukingoni kila siku. R9 inaanzia psi 100, karibu baa 7, na ndani ina ngozi nyembamba inayozuia petroli isipenye. Ukiukata, mara nyingi hiyo ngozi unaiona, rangi yake ni tofauti kidogo.

Visivyofaa: mpira wa rejeta au wa hita (petroli inauvimbisha), paipu ya plastiki inayoonyesha (inakakamaa, ikipata joto la injini inachomoka), na hapa kwetu Mwaloni, ule mpira wa mashine ya mtumbwi wenye kipira cha kubonyeza. Kwenye mtumbwi ni mzuri, kazi yake ni kuvuta mafuta kutoka kwenye tenki dogo. Kuuweka kwenye EFI ni kumtwisha punda mzigo wa lori.

Kuna kipande kimoja watu wanakisahau: kile kifupi ndani ya tenki, kinachounganisha pampu na bomba. Pale inatakiwa 30R10. R9 imekingwa kwa ndani tu, ukiizamisha kwenye petroli inaharibika kuanzia nje, inalegea, presha inavujia humohumo tenkini. Pampu unaisikia inalia, gari halina nguvu, na fundi anakuuzia pampu mpya.

Mzawa wa Igoma
Asante mkuu. Na saizi?

Sato wa Kirumba
Pima unene wa bomba la chuma kwa kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo). Usipime mpira wa zamani, umeshatanuka. Toyota ndogo nyingi ni 8 mm ya kwenda kwenye injini na 6 mm ya kurudi tenkini. Dukani wakikutajia inchi, robo ni 6, 5/16 ni 8, na 3/8 ni 9.5. Usikubali "huu unaingia kwa nguvu" wala "huu tutaukaza na klipu".

Spana Kumi
Niongeze hatua, maana hapa ndipo watu wanaungua.

Kwa EFI, toa presha kwanza. Chomoa fyuzi au rilei ya pampu, washa injini, iache ijizimie, kisha piga stata sekunde chache. Fungua kifuniko cha tenki. Chomoa waya hasi wa betri. Usifanyie kazi hii juu ya shimo la gereji, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kutuama mle chini ukisubiri cheche. Taa iwe tochi, si balbu ya moto. Mtungi wa unga wa kuzimia moto uwe hatua mbili kutoka ulipo, usiwe ofisini. Petroli itakayomwagika ikinge kwenye kopo, usiimwage mtaroni: mitaro inaingia Mirongo, na Mirongo inaingia ziwani.

Mpira ulioganda usiuvute kwa plaizi, utakunja bomba. Uchane kwa urefu kwa wembe, mkono mwepesi, usikwaruze chuma. Bomba likiwa na kutu, pitisha msasa laini kisha futa. Likiwa na mashimo ya kutu pale mpira unapokaa, hakuna mpira utakaoziba hapo, tengeneza bomba kwanza.

Kata mpira mpya kwa wembe, mkato wa moja kwa moja. Msumeno unaacha unga wa mpira, na unga huo mwisho wake ni nozeli. Usukume uingie kama mm 25. Ukigoma, chovya ncha kwenye maji ya moto, kausha, sukuma. Klipu ikae nyuma ya ule uvimbe wa bomba, si juu yake. Na badilisha mmoja mmoja! Ukichomoa yote kwa pamoja utachanganya ya kwenda na ya kurudi.

Nyegezi Kona
Klipu hizi za kawaida zenye matundu zinatosha, tusiwatishe watu.

Spana Kumi
Kwenye kabureta, sawa. Kwenye EFI sikubaliani nawe kaka. Matundu yale yanamega mpira kama jino, na kila ukikaza tena yanazidi kuzama. Tumia klipu za EFI, zenye mkanda laini na kingo zilizokunjwa nje.

Dizeli Tupu
Dizeli ni habari nyingine. Kwenye Hiace ya injini ya 3L au Land Cruiser ya injini ya 1HZ, kutoka tenki mpaka pampu hakuna presha, kuna mvuto. Mpira ukipasuka haumwagi mafuta, unaingiza hewa. Huoni tone wala hunusi kitu, ila asubuhi stata inazunguka mpaka betri inalia.

Kwa milima yetu hii, kipimo ni rahisi. Paki usiku kucha pua ikiangalia juu, tenki libaki chini. Asubuhi ikisumbua, na ukipaki pua chini haisumbui, mafuta yanarudi tenkini kwa sababu hewa inaingia mahali. Funga kwa muda kipande cha paipu inayoonyesha kabla ya pampu, washa, tazama mapovu. Ukimaliza kitoe, ni kipimo tu. Mpira mpya ukishakaa, bonyeza pampu ya mkono juu ya filta mpaka iwe ngumu, ndipo upige stata.

Mama Spea
Turudi kwenye EFI. Mpira wa kutoka filta kwenda kwenye reli ya nozeli (bomba linalogawa petroli kwa nozeli), wenye ncha za chuma zilizobanwa kiwandani, usiukate ukaweka klipu. Agiza mzima. Boliti yake yenye tundu inachukua washa 2 za shaba, moja kila upande, na ziwe mpya. Za zamani zimeshabonyea, ukizirudisha zitavuja hata ukaze vipi.

Kupima kabla ya kuwasha: kwenye Toyota nyingi za EFI za miaka ile, ukifungua swichi tu pampu haizunguki. Rudisha fyuzi na betri, fungua kile kiboksi chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSIS, unganisha tundu la FP na la +B kwa waya mfupi, fungua swichi bila kuwasha. Pampu itanguruma. Iache dakika 2, zungushia kidole kikavu kila kiungo. Kidole kikilowa, zima swichi, toa presha upya, rudi kwenye klipu hiyo.