Manahodha mnaopora penalti mnatuua, mpigaji apangwe na kocha

Wakuu salaam. Nina hasira na hili jambo na leo lazima niliseme, na naomba nijibiwe na watu waliocheza mpira, sio wale wa kuangalia matokeo kwenye simu tu. Nani aliwaambia manahodha kwamba ukivaa kitambaa basi kila penalti ni ya kwako? Maana huku kwetu Mtwara imekuwa ugonjwa kabisa, ndondo za mtaani, kombe la mbuzi, ligi ya wilaya, kote ni hivyo hivyo, ikitoka penalti tu kepteni anatoka mbio huko alikokuwa anakuja kubeba mpira, hajali nani kapangwa, hajali mwalimu anapiga kelele gani huko nje, yeye mkubwa basi imeisha. Akikosa timu inatoka, na wa kwanza kutukanwa ni kocha!

Juzi Jumapili ilikuwa nusu fainali, zawadi ng'ombe, timu yetu ya mtaa (jina naliacha, wenyewe wanajijua). Kabla ya mechi mwalimu kawakalisha wachezaji chini ya mkorosho, kasema wazi kila mtu anasikia, penalti ikitokea anapiga dogo wa kushoto, dogo akiwa katoka anapiga namba sita, hakuna mwingine. Na hakumchagua kwa kumpenda. Mazoezini kila jioni mwalimu anaweka vimfuko vya mchanga chini kabisa pembeni ya nguzo, kimoja huku kimoja kule, dogo anavilenga mpaka kiza kinaingia, hana haraka, hatua tatu, macho chini, hata kipa wetu mwenyewe anakwambia hajui mpira unaenda upande gani mpaka ushampita. Huyo ndo mpigaji. Kepteni wakati huo mara nyingi keshapanda bodaboda kaondoka zake.

Sasa ngoma 1-1, jioni inaisha, beki wao kaushika mpira, refa kaweka penalti. Dogo kauchukua mpira, kaufuta mchanga kwa jezi, kauweka kwenye alama ya chokaa, karudi nyuma anasubiri filimbi. Kepteni huyo kaja kutoka katikati ya uwanja, kainama kauokota, kamwambia dogo toka hapa hii sio ya watoto. Dogo kageuka kuangalia benchi, mwalimu keshavuka mstari anapiga kelele "Muachie! Muachie mtoto!" mpaka refa akamfuata kumrudisha, na kepteni kawapa mgongo kama vile hasikii na uwanja mzima tunasikia. Kapiga. Juu. Mpira umeenda kuangukia mikoroshoni nyuma ya goli na watoto wakaufuata mbio.

Kuna watu kwenye grupu la timu wananiambia eti kepteni ana mamlaka uwanjani. Mamlaka gani? Someni sheria za mpira jamani, sheria namba 3 inasema nahodha hana hadhi maalum wala upendeleo wowote, alichonacho ni sehemu ya wajibu juu ya tabia za wenzake. Anaenda kwenye kurushiwa shilingi, na siku hizi kwenye mashindano mengine yeye ndo anayeruhusiwa kwenda kuongea na refa wakati wengine wanatakiwa wakae mbali, sawa, hayo ni yake. Kwenye penalti sheria namba 14 inataka tu mpigaji atambulike wazi, na kwenye matuta (zile penalti za kuamua mshindi mechi ikiisha sare) timu yenyewe ndo inachagua nani anaanza nani anafuata, hata refa hapewi hiyo orodha. Timu inachagua, na anayeiongoza timu ni mwalimu. Hakuna sehemu imeandikwa mwenye kitambaa achague halafu ajichague mwenyewe.

Mnataka kuona kazi ya nahodha ni ipi? Tafuteni ile mechi ya Chelsea na Everton, Aprili 2024, Chelsea walishinda 6-0. Ikatoka penalti, Madueke anautaka mpira, Jackson naye anautaka, wote wa Chelsea, wanasukumana hadharani wakati mpigaji anajulikana ni Palmer. Conor Gallagher ndo alikuwa kavaa kitambaa siku ile. Alifanya nini? Aliuchukua mpira mikononi mwa wale akamkabidhi Palmer, Palmer akafunga. Gallagher hakusema leteni nipige mimi kwa sababu ni kepteni! Na baada ya mechi kocha wao Pochettino alikasirika, akasisitiza kwamba mpigaji ni Palmer na hataki kuona vile tena. Ile ndo timu: kocha kapanga, nahodha kalinda kilichopangwa.

Na angalieni kinachotokea kocha asipopanga. PSG 2017 na Lyon, Cavani na Neymar, wote wa PSG, wanagombea penalti mbele ya dunia nzima, kwa sababu kocha wao Unai Emery alikuwa kawaachia wamalizane wenyewe. Cavani akapiga, akakosa, na ikaripotiwa ugomvi ukahamia chumba cha kubadilishia nguo. Kwa hiyo makocha nanyi mnaoogopa mastaa wenu mnachangia, msijifiche.

Wengine wananiletea Southgate, aliyekuwa kocha wa England. Eti mbona fainali ya Euro pale Wembley 2021 kocha alipanga na wakapoteza? Ni kweli aliwaingiza Rashford na Sancho zikiwa zimebaki sekunde za nyongeza ili waje kupiga matuta tu, wote wakakosa, la mwisho akampa Saka mwenye miaka 19 na Donnarumma kipa wa Italia akadaka. Unaweza kusema alipanga vibaya, hata mimi nasema kumuingiza mtu ambaye mguu bado wa baridi ni kumuonea. Lakini Southgate alisimama mbele ya waandishi akasema wapigaji kawapanga yeye na lawama ni zake. Waingereza walijua wamuulize nani. Sisi huku Jumapili tumuulize nani? Kepteni keshaondoka na shemeji yake kwenye bajaji, mwalimu ndo kabaki pale anazongwa na mashabiki, mzee mmoja anamtikisia bakora usoni, na jana nimesikia kamati inataka kumtoa. Mtu anafukuzwa kwa uamuzi alioupinga mpaka sauti ikamkauka!! Hapo ndo panaponiuma zaidi wakuu. Kama wa kufukuzwa ni kocha basi wa kuamua ni kocha, na kama mnataka kepteni aamue basi timu ikitolewa mfukuzeni kepteni.

Kuna hoja moja naiheshimu. Mwalimu yuko nje, haoni nani kabanwa na msuli, nani kapauka kwa woga, kepteni yuko ndani anaona. Tena kwenye matuta benchi zima haliruhusiwi kuingia uwanjani, wanabaki wachezaji peke yao pale kwenye duara la katikati. Sawa kabisa. Ndo maana orodha inakuwa na jina la kwanza, la pili, la tatu, na kepteni akiona wa kwanza hayuko vizuri anamgeukia mwalimu anampa ishara, anapita wa pili. Kuona hali ya mwenzako na kujipa mpira mwenyewe ni vitu viwili tofauti. Tena mchezaji mwenyewe aulizwe mapema kama anaweza, asiyetaka asilazimishwe.

Afu hili la uzoefu, eti mkubwa hatetemeki. Aliou Cissé alikuwa nahodha wa Senegal fainali ya AFCON (kombe la mataifa ya Afrika) 2002 na Cameroon, mtu mzima, kiongozi, akakosa tuta na kombe likaenda. Miaka 20 baadae, 2022 pale Yaoundé, ni yeye Cissé kocha, mshambuliaji wake Mané kakosa penalti dakika za mwanzo kabisa za fainali na Misri, na bado kwenye matuta huyo huyo Mané ndo akapiga la mwisho akafunga na Senegal wakachukua kombe lao la kwanza. Mtu kakosa na benchi likaendelea kumuamini, hakuna mkubwa aliyekuja kumpokonya mpira. Upande wa Misri Salah nahodha alipangwa wa tano na matuta yakaisha zamu yake haijafika. Unaweza kubishana na huo mpango, lakini hakuvunja foleni.

Sasa rudini kwa dogo wetu, maana hamjasikia lililofuata. Mechi ikaenda matuta. Mwalimu kamwambia dogo wewe wa tatu. Dogo kakaa chini anafungua kamba za viatu, anatikisa kichwa. Mwalimu kachuchumaa mbele yake kamshika goti, "mwanangu wewe ndo uliyejiandaa", dogo anajibu "mwalimu mi siwezi tena, mpeni kaka." Na huyo kaka, yaani kepteni, alivyoitwa akasema msuli umembana! Wa tatu akapiga beki ambaye mazoezini sijawahi kumuona akipiga hata moja, kipa akadaka kwa magoti, tukatolewa.

Kwa hiyo kamati inayokaa keshokutwa, na najua mnaosoma hapa mpo, mwalimu asiguswe. Kabla ya kila mechi orodha ya wapigaji isomwe mbele ya wote na meneja abaki na nakala yake. Atakayempokonya mwenzake mpira avuliwe kitambaa siku hiyo hiyo, hata akifunga. Na kepteni aende kwa kina dogo amuombe radhi mbele ya baba yake, maana leo mazoezini dogo hajaonekana.