Utando mweupe mdomoni mwa kichanga, chuchu zinawaka moto: mlionyonyesha, tupeane uzoefu

Habari zenu wazazi wenzangu, poleni na majukumu.

Uzi huu ni kwa ajili ya mama anayenyonyesha kichanga huku chuchu zinawaka na mdomo wa mtoto umejaa weupe. Kliniki tunafundishwa kitovu, chanjo na dalili za hatari. Fangasi ya mdomoni mara nyingi haizungumzwi mpaka ikukute, na ikikukuta uko ndani ya arobaini, usingizi hakuna, na kila anayekuja kukupa hongera ana dawa yake. Andikeni mliyoyapitia wenyewe: uliona nini, ulipewa nini, kipi kilisaidia. Jambo ninaloliona kubwa kuliko yote ni kwamba mama na mtoto watibiwe pamoja, na mtoto aendelee kunyonya.

Naanza mimi. Nilijifungua kwa upasuaji na nikapewa antibiotiki za kutosha. Mwanangu alianza vizuri, baadaye akawa anashika ziwa, anavuta kidogo, anaachia, analia. Ukimtazama kinywani, ndani ya mashavu na kwenye fizi kuna mabaka meupe kama maziwa yaliyoganda. Nikapangusa taratibu kwa kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu, hayakutoka. Mimi mwenyewe nilikuwa naungua, na kilichonishangaza ni kwamba maumivu yalikuwa makali zaidi baada ya mtoto kumaliza kunyonya, yanachoma ndani ya ziwa mpaka mgongoni.

Muuguzi wa zahanati alimfungua mtoto mdomo, akamvua nepi akaangalia mikunjo ya mapaja, kisha akaniomba na mimi nifungue blauzi. Akasema, "Mama, hapa wagonjwa ni wawili." Mtoto akaandikiwa nistatini ya maji, yaani dawa ya fangasi ya mdomoni, mililita 1 mara 4 kwa siku kwa siku 7, mimi nikaandikiwa krimu ya fangasi ya kupaka kila baada ya kunyonyesha. Tulipona wote. Karibuni.

Mama Mapacha, Tabora

Asante dada kwa kufungua hili. Wa kwangu walikuwa wawili, kwa hiyo wagonjwa tulikuwa watatu. Aliyeonekana kuugua ni Kulwa tu, Doto mdomo wake ulikuwa safi kabisa. Akatibiwa Kulwa, akapona, halafu ikarudi. Akatibiwa tena, ikarudi. Daktari wa pili ndiye aliyeuliza, "Wananyonya ziwa moja wote?" Nikamwambia wanabadilishana. Akaagiza Doto naye apewe dawa hata kama haonyeshi kitu, na mimi nipake matiti yote mawili. Hapo ndipo ilipokwisha.

Ninachowaomba wenye mapacha, msikubali atibiwe mmoja. Na kwa walioajiriwa: sheria yetu ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mama aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja siku 100 za likizo badala ya 84. Zidaini, maana kupaka, kuchemsha vyombo na kunyonyesha wawili si kazi ya kuibia dakika.

Umm Kichanga, Mombasa

Salamu alaikum wapenzi. Kwetu nyumba nzima ilijaa wazee siku hizo, na mapenzi yao kwa mtoto ni makubwa, siwalaumu. Bibi yake mtoto alikuja na kijiko cha asali, eti ampake ulimini, kwani wao walilelewa hivyo. Jirani yetu ni muuguzi, akamshika mkono kwa adabu: "Bi mkubwa, asali ni dawa nzuri kwangu na kwako, lakini mtoto hajafika mwaka." Akamueleza kwamba asali yaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kupambana nazo, zikatoa sumu inayolegeza misuli mpaka ya kupumulia. Bibi akaelewa, akaila asali mwenyewe na chai.

Chumvi na magadi pia nimesikia. Jamani, mdomo wa kichanga ni laini mno, na chumvi ikizidi mwilini mwake yaweza kumdhuru. Wala msikwangue kwa kucha au kitambaa kikavu. Ule weupe umeshika, ukiulazimisha chini yake panatoka damu, halafu mtoto ndiyo hanyonyi kabisa.

Mkunga Mstaafu, Morogoro

Wanangu, nimesoma yote. Nimefanya kazi ya ukunga maisha yangu yote, naomba nichangie kidogo.

Kwanza, si kila ulimi mweupe ni fangasi. Mtoto anayenyonya huwa na maziwa ulimini. Weupe wa maziwa unakaa juu ya ulimi peke yake, umesambaa sawasawa, na ukifuta kwa kitambaa chenye maji unatoka au unapungua. Fangasi inapanda mashavuni kwa ndani, kwenye fizi, kaakaa na midomo, nayo haitoki. Mama asinunuliwe dawa kwa sababu ya maziwa.

Pili, mnasoma kwamba chuchu yenye fangasi inakuwa nyekundu. Kwa ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani kirahisi. Angalia kung'aa kusiko kwa kawaida, kuwasha, ngozi kubanduka vipande vidogo, au weusi wa chuchu kupauka. Mara nyingi ni matiti yote mawili. Ukiona ziwa moja tu limevimba, la moto, sehemu yake ngumu, na una homa, hiyo siyo fangasi, ni ziwa kuugua. Nenda hospitali siku hiyohiyo, na uendelee kulitoa maziwa.

Tatu, na hili nalisema kwa uzito: sababu kubwa ya chuchu kuuma ni mtoto kushika ziwa vibaya. Nimewaona wamama wanapaka krimu wakati mtoto anavuta ncha ya chuchu tu. Mdomo ufunguke wazi, kidevu kiguse ziwa, sehemu nyeusi iingie mdomoni, zaidi ile ya chini. Kama maumivu yapo mwanzoni tu anaposhika, na chuchu inatoka imebanwa au imechongoka, tatizo liko hapo. Muite mkunga akutazame ukinyonyesha kabla ya kununua chochote.

Sasa dawa. Nistatini tikisa chupa kwanza, kwa sababu dawa hutuama chini. Mpe baada ya kunyonya, siyo kabla, ili isioshwe na maziwa. Usiimimine yote kooni. Weka nusu shavu hili, nusu lile, na kwa kidole safi usambaze mpaka kwenye fizi. Weupe ukiisha usiache papo hapo, endelea siku 2 zaidi hata kama ulizoandikiwa zimefika. Mama apake krimu kidogo sana baada ya kunyonyesha, na kabla ya mlo unaofuata afute iliyobaki, asisugue. Madukani kuna krimu za mchanganyiko zenye steroidi, watu wanazipenda kwa kuwa zinatuliza haraka. Msipake kwenye chuchu bila kuandikiwa.

Fangasi hii ni ya familia moja na ile ya ukeni, na watoto wengi huipata wakati wa kuzaliwa. Kwa hiyo mama mwenye muwasho na uchafu mweupe huko chini naye aseme, atibiwe. Na mtoto mwenye upele uliokolea kwenye mikunjo, wenye vipele vidogo pembeni, anahitaji dawa ya ngozi pia.

Mwana wa Pwani, Toronto

Shikamoo mama mkunga. Naomba kuuliza kuhusu ile dawa ya zambarau, GV. Mama yangu alinitumia chupa kutoka Tanga, lakini huku Canada mwaka 2019 wizara ya afya iliwaambia watu waache kutumia dawa zenye GV kwa sababu ya wasiwasi wa saratani. Nikaiweka pembeni, mtoto akapewa nistatini. Ila dada yangu aliyeko kijijini hana dawa nyingine.

Mkunga Mstaafu, Morogoro

Marahaba mwanangu. Ukiwa na nistatini tumia nistatini. GV imo kwenye miongozo ya matibabu ya watoto kwa sehemu ambazo nistatini haipatikani, lakini kwa mdomo wa kichanga ni ile iliyopunguzwa nguvu, asilimia 0.25. Chupa nyingi za dukani ni kali kuliko hiyo, na kali inaweza kumtoa mtoto vidonda. Dada yako aende zahanati wampimie na wamchanganyie, na akome siku alizopangiwa. Asipake kwa kukadiria.

Mama wa Njombe

Mimi naleta tofauti kidogo. Nilidhani nina fangasi kwa sababu nilikuwa naungua vibaya baada ya kunyonyesha. Mdomo wa mtoto ulikuwa safi. Nikatumia krimu bila nafuu. Daktari mmoja mwanamke akaniuliza chuchu inabadilika rangi? Nikamwambia ndiyo, inapauka mtoto akiachia, halafu inakuwa kama zambarau, ndipo inaanza kuchoma. Akasema mishipa ya damu inajibana kwa baridi. Huku kwetu mwezi wa saba mnajua hali ilivyo. Akanielekeza nisiache kifua wazi, nifunike kwa kitambaa cha moto mara mtoto anapoachia, na akamrekebisha mtoto namna ya kushika. Nafuu niliipata kwa joto. Wenzangu wa Makete na Mbeya, lifikirieni hili kabla ya kuongeza krimu.

Baba Mlezi, Dodoma

Wababa tupo pia tunasoma. Mke wangu alikuwa analia kila mtoto akiamka kunyonya, na sikuwa na la kumsaidia ziwani. Nikachukua ya pembeni: kuchemsha nyonyo (ile chuchu ya bandia ya mtoto), vijiko na kikombe kila siku, kufua sidiria, khanga na vitambaa vya kifuani kwa maji ya moto na kuvianika juani, kuhakikisha kila anayembeba mtoto amenawa. Mtoto alikuwa anatumia nyonyo, tukaishia kuitupa.

Halafu kuna shangazi alisema mtoto haachi kulia kwa sababu ya kimeo, akatafuta na mtu wa kukikata. Nilikataa, na nikasimama mlangoni kweli. Mtoto wa mtu asikatwe kimeo wala kung'olewa yale wanayoita meno ya plastiki kwa sababu ya fangasi inayotibika kwa matone. Watoto wanavuja damu, wanapata maambukizi, wengine wanapoteza maisha. Wababa, hapa ndipo tunapohitajika.

Asiyetaka jina

Naomba niandike bila jina. Mimi naishi na virusi vya Ukimwi, natumia dawa zangu vizuri na kipimo cha wingi wa virusi kiko chini sana. Nilinyonyesha, mwanangu yuko salama. Tangu mwanzo nesi wa kliniki aliniambia: "Ukiona chuchu zimepasuka au mdomo wa mtoto una utando, usisubiri tarehe ya kadi, njoo." Alinieleza kwamba vidonda kwenye chuchu na mdomo wa mtoto ulioathirika vinaweza kuongeza hatari ya virusi kupita. Nilipoona weupe nilikwenda. Tukatibiwa wote wawili, mtoto akaendelea na dawa yake ya kinga, na ziwa lililokuwa na mpasuko nikaelekezwa namna ya kulikamua mpaka lipone.

Mwenzangu uliye katika hali kama yangu, usijifiche na tatizo hili kwa aibu. Wale wa kliniki wamelizoea. Na kwa wote, mtoto ambaye fangasi yake haiponi kwa dawa au inarudi kila mara apelekwe akapimwe, kwa kuwa wakati mwingine ni dalili kwamba kinga yake ina shida.

Mama Mapacha, Tabora

Ubarikiwe sana dada yangu. Umewasaidia wengi.

Mfanyakazi, Mwanza

Kwa tunaokamua kazini: sheria hiyohiyo ya 2004 inakuruhusu kunyonyesha saa za kazi, hadi saa 2 kwa siku. Mimi nakaa mbali, nazitumia kukamua. Wakati wa fangasi nilielekezwa kuosha kila kipande cha pampu kwa sabuni na kukichemsha, na maziwa niliyokamua kipindi kile mtoto ayanywe yakiwa bado mapya. Nisijaze friza nayo, kwa sababu baridi haiui fangasi. Nilimpa kwa kikombe, chupa niliiacha.

Mzazi Mpya, Kahama

Asanteni wote. Swali langu: mdomo wa mtoto umeshasafika, tumetumia dawa wote wawili kama tulivyoandikiwa, lakini mimi bado nachomwa ndani ya ziwa. Mama mkwe anasema nimwachishe kwanza nipumzike. Nifanyeje?

Mkunga Mstaafu, Morogoro

Usimwachishe, mwanangu. Maziwa yakikaa, ziwa linajaa na kuvimba, na utaongeza ugonjwa mwingine. Mtoto aanze ziwa lenye nafuu. Kama huvumilii kabisa, kamua umpe kwa kikombe. Parasetamoli ya kawaida unaruhusiwa. Rudi kituoni watazame vitu viwili: mtoto anashikaje, na kama kweli ni fangasi. Wakiridhika kwamba imeingia ndani, daktari anaweza kukuandikia flukonazoli ya kumeza wewe mama. Usinunue mwenyewe, na mtoto usimgawie.

Na mtoto akikataa kunyonya kabisa, akiwa na joto la 37.5 au zaidi, akipumua haraka, akilegea au nepi zikianza kukaa kavu, hayo siyo ya kusubiri kesho. Mbebe muende, hata kama ni usiku.

Mzazi Mpya, Kahama

Nimeelewa mama. Naenda asubuhi, na mama mkwe nakwenda naye asikie mwenyewe.