Mpwa wangu anacheza futiboli ya chuo Minnesota: wamefungwa mbili tu, mbona msimu umeisha?

MjombaMtu:
Wakuu, naomba kueleweshwa. Mpwa wangu yuko chuo kimoja huko Minnesota, anacheza ule mpira wao wa kofia ngumu. Yuko safu ya mbele, wale mabonge wanaomkinga mrushaji. Mpira wenyewe haugusi mechi nzima, ila dada yangu anavyotangaza kwenye grupu la familia utadhani pointi zote kafunga yeye. Ligi yao inaitwa MIAC. Msimu huu wamepoteza mechi mbili tu, halafu Novemba kijana ananiambia wamesharudisha vifaa, basi. Na ufadhili wa michezo hana hata senti. Hii ni ligi kweli au bonanza?

BaridiKali:
Mkuu, bonanza halijazi watu 37,355. Ndio walioingia Target Field, uwanja wa besiboli pale Minneapolis, Septemba 2017, chuo cha St. Thomas kikikifunga chuo cha St. John's 20-17. Zote mbili zilikuwa za MIAC.

Ufadhili usimlaumu kijana. Wako Divisheni ya Tatu, daraja la chini la michezo ya vyuo vya Marekani, na huko ni marufuku chuo kumlipia mtu ada kwa sababu ya mpira. Msaada wa masomo au wa hali ya familia anaweza kupata, kama mwanafunzi mwingine yeyote.

Sasa hizo mechi mbili. Msimu wa kawaida una mechi 10 tu. Divisheni nzima ina timu kama 240, na tangu 2024 mtoano wa taifa unachukua 40 (zamani 32). Bingwa wa kila ligi yenye nafasi yake anaingia moja kwa moja. Nafasi chache zinazobaki zinagombewa na waliokosa ubingwa nchi nzima, kwa hiyo ukishafungwa mbili unabaki kupiga dua. Ndiyo maana mechi ya Oktoba na chuo usichowahi kukisikia inachezwa kama fainali.

Halafu kijana wako yuko ligi moja na St. John's! Kocha wao John Gagliardi alikaa pale kuanzia 1953 hadi 2012 na akamaliza kazi na ushindi 489, hakuna kocha wa futiboli ya chuo aliyemfikia. Mazoezini alikataza kuangushana, na wachezaji walimwita John tu, habari za "kocha" hakutaka. Fainali ya 2003 waliichapa Mount Union 24-6, timu iliyokuwa imeshinda mechi 55 mfululizo. Kufungwa na watu hao si aibu.

MjombaMtu:
Nimekupata mkuu. Ila St. Thomas siwaoni kwenye msimamo. Wamefutwa?

Kipenga:
Walitolewa. Msimu huohuo wa 2017 waliifunga St. Olaf 97-0. Tisini na saba! Kufika 2019 ligi ikatangaza kuwa wanaondoka, na 2021 wakaruka hadi Divisheni ya Kwanza, futiboli wakacheza Pioneer League, ambako nako ufadhili wa mpira haupo. Kwangu mimi ilikuwa haki. Chuo chenye wanafunzi zaidi ya 6,000 wa shahada ya kwanza unakipangaje na vyuo ambavyo vingine havifiki nusu yake?

BaridiKali:
Kipenga, hapo tunaachana. Timu iliyofunga 97 ndiyo ileile iliyoishinda St. John's kwa pointi tatu tu, 20-17, na St. John's nayo si chuo kikubwa. Ukubwa peke yake haujibu. Wangeongeza makocha na kutafuta wachezaji kwa bidii zaidi kuliko kumtoa mwenzao mlangoni. Na ile mechi ya kujaza uwanja wa besiboli ligi imeipoteza.

Kipenga:
Waambie hivyo wazazi wa vijana wa St. Olaf waliokaa jukwaani mpaka kipenga cha mwisho.