Ada ya uwandani miaka mitatu, na hatujakanyaga hata kijito

Wadau, nimevumilia vya kutosha. Niko mwaka wa tatu, nasomea jiografia ya maumbile na tabianchi kwenye chuo kimoja hapa Kampala. Kila mwaka stakabadhi ya ada ina mstari wake: safari ya uwandani, shilingi 250,000. Nimelipa mara tatu. Mara tatu tumeambiwa basi ni bovu. Darasani tuko 60, kwa hiyo ni milioni 15 kila mwaka. Zimekwenda wapi?

Kilichonichosha kabisa ni cha juzi. Mhadhiri katangaza kila mtu aandike ripoti ya uwandani kuhusu maporomoko ya ardhi ya Mlima Elgon, iwe mezani kwake Ijumaa. Tukauliza, tunakwenda lini? Akajibu, tafuteni kwenye intaneti. Yaani niandike kwamba nimepima mteremko ambao sijawahi kuuona, na udongo ambao sijaushika! Kule Bududa, kwenye miteremko ya huo Elgon, Machi 1, 2010, mlima uliporomoka ukafunika kijiji cha Nametsi pamoja na watu wake. Hapo ndipo pa kutungia tarakimu?

Hata kupima mvua hatujui. Tulifundishwa kipimamvua kikae mahali pa wazi, mbali na miti na kuta, kisomwe kila siku saa tatu asubuhi. Chetu kiko chini ya mwembe. Wiki iliyopita nilikifunua: majani yameoza, viluwiluwi vya mbu vinaogelea. Kile kisanduku cheupe cha vipimajoto, nyigu wamejenga humo, na daftari la mvua liliandikwa mara ya mwisho kabla sijajiunga.

Mimi ni mtoto wa Kasese. Mei 2013 mto Nyamwamba ulipofurika, uliacha kwenye shamba la mama jiwe ambalo wanaume sita walishindwa kulisogeza. Mpaka leo liko palepale, mama huanikia mihogo juu yake. Mei 2020 mto ukarudi tena. Nilikuja chuoni na swali moja: inyeshe mvua kiasi gani kule juu milima ya Rwenzori, mto unakotoka, kwa saa ngapi, ndipo maji yabebe jiwe la namna ile? Sijapata wa kunijibu. Somo la barafu za milimani tulionyeshwa picha za Alps, milima ya Ulaya! Na hapa kwetu Margherita, kilele cha juu kabisa cha Rwenzori, kina mita 5,109, karibu kabisa na Ikweta, na barafu aliyoikuta Duke of Abruzzi, mpanda milima wa Italia, mwaka 1906 imebaki kipande kidogo tu. Itaisha kabla hatujapelekwa kuiona.

Ripoti ya kubuni siandiki. Nimemwandikia barua mkuu wa idara, wenzangu 23 wametia saini, waliobaki wanaogopa kufelishwa na siwalaumu. Anayejua barua kama hii ikikaliwa idarani inapelekwa wapi, aniambie kabla ya Ijumaa. Na nyinyi mliomaliza zamani, mlipelekwa?