Gari la zamani lisilochosha kuendesha kila siku: Altezza, Subaru au nimsikilize fundi?

Mama_Kihonda

Salamu kwenu wakuu. Ninaomba ushauri wa wale waliowahi kununua gari la zamani kwa sababu walilipenda, na si kwa sababu ndilo lililokuwepo sokoni siku hiyo. Kwa miaka tisa nimeendesha Noah ya familia, gari ambalo sina ugomvi nalo hata kidogo kwa kuwa halijawahi kuniacha njiani, lakini nikiwa ndani yake peke yangu ninajiona kama dereva wa daladala aliyesahau abiria kituoni. Sasa Noah inabaki kwa mume wangu kwa shughuli za duka, nami nimetengewa, au niseme ukweli kwamba nimejitengea, shilingi milioni 12 za kutafuta la kwangu.

Ninaishi Kihonda, hapa Morogoro, na kazi yangu iko Mzumbe, hivyo kwenda na kurudi ni kama kilomita 50 kila siku. Karibu njia yote ni lami, isipokuwa mtaani kwetu, ambako mvua zikishanyesha hubaki makorongo. Kila baada ya miezi miwili hivi ninakwenda Iringa kuwaona wazazi, maana yake Mikumi, Ruaha Mbuyuni na kupanda Kitonga nyuma ya malori. Nina mtoto mmoja wa darasa la pili, kwa hiyo gari la viti viwili halinifai.

Nilijifunza udereva kwenye Land Rover ya baba yenye gia za mkono, na kwa kweli klachi ndiyo ninayoikumbuka. Sitafuti mbio, kwani hata nikizitaka nitazipeleka wapi, wakati kila penye nyumba mwendo ni 50 na askari wamesimama na tochi za kupima mwendo? Ninachotaka ni gari linaloitika, lile ambalo ukifika getini unatamani kuzunguka mtaa mara moja zaidi kabla ya kupiga honi ufunguliwe.

Shemeji yangu ameniambia Toyota Altezza, kaka yangu ameniambia Subaru Impreza, na fundi wetu amesema wote wawili wananitafutia umaskini, ninunue Toyota ist ninyamaze. Nani yuko sahihi?

Altezza_ya_Dodoma

Dada, nina Altezza mwaka wa sita sasa, kwa hiyo nitakueleza utamu wake na gharama yake bila kuficha upande wowote.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba jina hilo moja linabeba magari mawili. Iko AS200, yenye injini ya 1G-FE ya silinda sita na lita 2, nguvu zake ni za farasi 160. Na iko RS200, yenye 3S-GE ya silinda nne, lita hizohizo 2, ambayo ile ya gia sita za mkono ilitangazwa kuwa na farasi 210. Kwa nje zinafanana mno, na madalali wengi hawajui tofauti au hawataki uijue. Zote zinasukumwa na magurudumu ya nyuma, na hapo ndipo ilipo raha yake, kwa sababu magurudumu ya mbele yameachiwa kazi moja tu ya kukata kona, hayabebi na kazi ya kuvuta gari. Ukishazoea, gari la kuvutwa na magurudumu ya mbele utaliona zito mikononi hata kama ni jepesi kwenye mizani. (Zile taa za nyuma zenye vioo vyeupe, ambazo baadaye vijana wa dunia nzima walizibandika kwenye kila aina ya gari, zilipata umaarufu kwa gari hili.)

Sasa gharama. Ya kwangu ni AS200 ya gia za mkono, na mjini hainipi zaidi ya kilomita 8 kwa lita. Njia kuu inafika 11 nikiwa na adabu. Spea za injini hazinisumbui, kwa kuwa 1G-FE ndiyo iliyomo kwenye Mark II GX110 na Verossa, na hizo zimejaa nchini. Spea za bodi ni habari nyingine: nilivunja bampa la mbele kwenye tuta lisilochorwa na nilisubiri wiki tano kupata la kulifanania. Gari liko chini, dada. Makorongo unayoyataja yatakula bampa lako kila masika.

RS200 ninakushauri uiache. Injini ile inabana mchanganyiko wa hewa na petroli kwa uwiano wa 11.5 kwa 1, inataka petroli ya daraja la juu na fundi asiyebahatisha, na nyingi zilizobaki zimepitia mikono ya vijana waliokata springi na kufungua ekzosi ili zipige kelele.

Fundi_wa_Msamvu

Mama Kihonda, fundi wako hajakosea, ila amekupa jibu la swali ambalo hukuuliza. Umesema unataka gari linaloitika, naye akakupa gari lisilomsumbua yeye.

Niseme kwanza kuhusu milioni 12. Gari usilinunue kwa zaidi ya milioni 9, haijalishi ni lipi. Mwezi wa kwanza gari la umri huu litadai oili zote, chujio, plagi, bushi za mbele, pengine shokapu mbili na tairi, kabla hujasema umelinunua vibaya. Anayemaliza fedha zote kwa muuzaji huanza kuendesha na kasoro, akiambiana na nafsi yake kwamba mwisho wa mwezi atarekebisha, na kufikia mwisho wa mwezi bushi iliyolegea imeshakula tairi mpya.

Pili, msihesabu umri kwa herufi ya namba. Watu hulipa zaidi kwa namba D kuliko namba C wakidhani wamepata gari jipya, ilhali herufi hiyo inaeleza wakati gari liliposajiliwa Tanzania tu. Gari la mwaka 2002 lililokaa Japani miaka mingi linaweza kuwa namba D, na la mwaka 2005 lililoletwa mapema likawa namba C. Mwaka wa kutengenezwa utauona kwenye kadi, na kilomita za kweli mara nyingine utazikuta kwenye vibandiko vya Kijapani, ambavyo hubandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva au chini ya boneti kila wanapobadili oili au mkanda wa taimingi. Nimewahi kuona kibandiko kinachosema kilomita 143,000 kwenye gari ambalo dashibodi yake ilisema 88,000, na muuzaji akaapa kwamba hajui kusoma Kijapani. Tarakimu hazihitaji Kijapani.

Kuhusu majina yenyewe, ningekuongezea moja ambalo ndugu zako wamelisahau kwa sababu si la kujivunia mbele ya watu: Toyota Vitz RS ya lita 1.5 yenye gia tano za mkono. Ile ya umbo la kwanza, NCP13, ina injini ya 1NZ-FE, ambayo ndiyo iliyomo kwenye ist za lita 1.5, kwenye Probox, RunX na Allex za lita 1.5, na Premio ndogo. Hakuna gereji kati ya hapa na Iringa ambayo haijawahi kuifungua, na inatumia cheni ya taimingi badala ya mkanda. Nguvu zake ni za farasi 110 hivi tu, lakini gari lenyewe halifiki tani moja, na uzito ndio siri ambayo wauzaji wa injini kubwa hawaitaji. Farasi 160 wanaovuta tani moja na nusu pamoja na abiria wanaonekana wengi kwenye karatasi. Gari jepesi linafunga breki mapema, linakata kona bila kuyumba, na linakuruhusu kulitumia lote ndani ya mwendo wa kawaida wa 50 hadi 80. Altezza ikifika pale inapoanza kufurahisha, tochi imeshakupiga.

RunX Z nayo ina watu wake. Ile ina 2ZZ-GE ya lita 1.8, farasi 190 na gia sita, na injini hubadili tabia kabisa ikipita mizunguko kama 6,000 kwa dakika. Ni tamu, sikatai. Lakini kwa safari ya Kihonda na Mzumbe utaifikisha huko mara ngapi?

Jambo ambalo sitakuachia ulikadirie mwenyewe ni D4. Ukiona maandishi hayo kwenye kifuniko cha injini, iwe Mark II au gari lingine lolote la miaka ile, shukuru na uondoke. Petroli hupuliziwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa, pampu yake ni ghali, njia za hewa hujaa masizi, na gari huanza kutetemeka likiwa limesimama. Ikitunzwa vizuri tangu mwanzo inafanya kazi. Swali ni nani aliyeitunza.

Subaru_Pwani

Sahibu zangu wa Morogoro, nawasalimu kutoka Mombasa. Huku kwetu gari lililozidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza haliruhusiwi kuingizwa nchini, kwa hiyo Impreza za zamani tunazozigombania ni zilezile zilizokwisha kuingia, na bei zake hazishuki.

Nimeendesha Impreza yenye turbo miaka minne na sijutii, ila dada kama ni gari lako la pekee la kwenda kazini, fikiria mara mbili. Injini ya EJ20 imelala ubavu, silinda mbili kulia na mbili kushoto, na plagi zimetazamana na kuta za boneti, hata kuzibadili ni kazi ya nusu siku kwa fundi asiyeizoea. Mkanda wa taimingi ubadilishwe kila kilomita 100,000 na usimwamini aliyekwambia ameshaubadili kama hana risiti. Halafu kwa kuwa magurudumu yote manne yanavuta wakati wote, tairi zinatakiwa zilingane. Huwezi kupasua moja ukanunua moja mpya ukaendelea na tatu zilizoisha. Mimi mwenyewe niliuza ya kwangu siku niliyolipia tairi nne kwa sababu ya msumari mmoja.

Mama_Kihonda

Ninawashukuru nyote. Nimetafuta wiki hii na nimepata mawili. Hapa Morogoro kuna Altezza AS200 ya otomatiki, namba D, milioni 9 na nusu, imepigwa rangi upya na inang'aa kama sahani ya harusi. Dar es Salaam kuna Vitz RS ya mwaka 2003, gia za mkono, namba C, mwenyewe anataka milioni 7, rangi imefifia kwenye paa na kiti cha dereva kimechanika pembeni. Picha za Altezza nimezitazama mara nyingi kuliko ninavyopaswa kukiri. Fundi, ungekagua nini?

Fundi_wa_Msamvu

Hiyo Altezza ni ya otomatiki, nawe umeanza kwa kutuambia unaikumbuka klachi. Usiruhusu rangi ikubadilishie swali. Na gari la zamani lililopigwa rangi yote upya wiki ya kuuzwa huwa ninaanza kwa kujiuliza rangi inafunika nini.

Kwenye Vitz, fika asubuhi na umwambie muuzaji mapema asiliwashe. Weka mkono juu ya boneti. Ikiwa ni ya moto, rudi siku nyingine, kwa sababu injini iliyopashwa huficha moshi na kelele za cheni. Fungua kifuniko cha rejeta ikiwa bado baridi utazame maji. Ukikuta maji ya kutu badala ya kulanti, uliza thamostati, kile kifaa kinachoongoza maji ya kupoza injini, iko wapi. Mafundi wengi wa huku wana tabia ya kuing'oa gari linapochemka na kuunganisha feni izunguke moja kwa moja, nalo litakwenda vizuri mjini miaka miwili, kisha Kitonga itakueleza yote siku ya jua kali ukiwa na mtoto nyuma. Fungua na kifuniko cha oili. Ukikuta utando wa rangi ya maziwa, funga na uage kwa heshima.

Kisha endesha mwenyewe. Ukiwa gia ya nne kwenye kilima, kanyaga mafuta mpaka chini: kama mizunguko inapanda na mwendo haupandi, klachi imeisha, na hilo si sababu ya kuacha gari bali ya kupunguza bei. Rudi kutoka gia ya tatu kwenda ya pili ukiwa na mwendo wa wastani. Ikikwaruza, gia boksi imechoka, na hapo ndipo pa kuacha. Pita kwenye matuta polepole na vioo vikiwa chini, usikilize mbele. Paa lililofifia na kiti kilichochanika ni vitu vya fundi cherehani na mpiga rangi, havikuzuii kufika Iringa.

Kabla ya kutoa hata senti, linganisha namba ya chasisi na iliyo kwenye kadi, hakikisha jina la kwenye kadi ni la anayekuuzia, na uangalie deni la faini za barabarani kwa namba ya gari, kwa kuwa zikiwapo zitakukuta wewe.

Altezza_ya_Dodoma

Ninaunga mkono, ingawa kwa uchungu kidogo. Nyongeza yangu ni moja: kwa gari la bei hiyo wengi hukata bima ndogo tu, ile isiyolipia gari lako mwenyewe. Nawe unapita Mikumi, ambako barabara inakatiza hifadhini kwa takriban kilomita 50 na swala hawaangalii upande wowote kabla ya kuvuka. Omba bei ya bima kubwa kwanza, ndipo uamue.

Mama_Kihonda

Nimempigia mwenye Vitz. Ninakwenda Dar es Salaam Jumamosi kwa basi la alfajiri, na fundi wetu amekubali kuja nami kwa sharti kwamba nimlipie nauli na nisimtajie tena ist. Nimemwambia muuzaji asiliwashe gari kabla hatujafika. Ameniuliza mara mbili kwa nini.