Kituo cha Wajerumani "Moshi" 1893: kilikuwa mtaa gani?

Mjumbe_Njoro
Wakuu, habari za humu. Tunaandaa bango la historia ya mtaa, maneno kama mia tatu, likae ukutani ofisi ya mtendaji. Kuna andiko la Kijerumani linataja kituo cha kijeshi Moshi mwaka 1893, na jingine linasema Mangi (chifu wa Kichagga) Meli alinyongwa Moshi mwaka 1900. Wajumbe wanataka tuandike kwamba hayo yote yalitokea hapa mjini, jirani na stesheni. Kuna mabaki yoyote? Na mtaa wenyewe tutajuaje ulianza lini, maana wenye hati za zamani ni wachache?

Reli_ya_Tanga
Msiandike hivyo, mtachekwa na kila anayeshuka kutoka Kidia kule mlimani. Moshi ziko mbili. Ile ya Mangi Rindi na mwanawe Meli iko kule juu, tunayoiita leo Old Moshi. Wajerumani waliwahi kuhamishia kituo chao Marangu, na Meli alipowapiga mwaka 1892, kamanda wao von Bülow aliuawa. Walirudi na jeshi kubwa mwaka 1893, wakamshinda, na kituo kikarudishwa Moshi, yaani huko huko mlimani. Meli alinyongwa Machi 2, 1900, Tsudunyi, Old Moshi, pamoja na wenzake. Hakuna hata moja kati ya hayo lililotokea stesheni.

Sababu ya Moshi kuwa mbili ni reli. Ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893 na ikafika huku 1911, kilomita 352. Garimoshi halipandi mteremko ule wa migombani, kwa hiyo kituo cha mwisho kikawekwa tambarare, na mji ukaota kukizunguka. Wajerumani wenyewe waliona mkanganyiko unakuja, wakaita mji wa chini Neu-Moschi, yaani Moshi Mpya.

Kanuni ninayotumia: "Moshi" ya kabla ya 1911, weka mlimani mpaka upate ushahidi mwingine. Ya baada ya hapo, soma sentensi nzima kwanza, kwa sababu waandishi waliendelea kuchanganya. Na mkikuta 1911 na 1912 zinagongana, mara nyingi hakuna aliyekosea: reli ilifika 1911, ufunguzi rasmi ukawa mwanzoni mwa 1912.

Bwiru_Nyaraka
Naongezea upande wa kutafuta. Watu wengi wanaandika "Moshi" mtandaoni, hawapati kitu, wanakata tamaa. Tafuteni kwa tahajia ya Kijerumani: Moschi, Neu-Moschi, Dschagga, Madschame, Kiboscho, Kilimandscharo, Aruscha. Mkusanyo wa picha za kikoloni ulioko Chuo Kikuu cha Frankfurt unafunguka bure, na picha za misheni ya Leipzig zimo kwenye hifadhi ya picha za misheni ya Chuo Kikuu cha Southern California. Angalieni mwaka wa kupigwa picha, siyo mwaka ilipoingizwa kwenye mkusanyo. Hizo tarehe mbili zinaweza kupishana miaka mingi, na wanaonakili huchukua ile iliyo karibu na macho.

Maandishi ya chapa ya zamani yana mtego: herufi s ndefu inafanana na f. Jina likionekana la ajabu, libadilishe f kuwa s ulisome tena kabla ya kulipeleka kwenye bango.

Ramani ya Wajerumani ya 1:300,000 ni nzuri kwa njia na mito, lakini sentimita moja ni kilomita 3, mtaa wenu hautaonekana. Tafuteni ya 1:50,000 ya idara ya upimaji, sentimita moja ni mita 500. Hapo mnaweza kufuata mto Njoro na reli kwa kidole.

Kihamba_na_Hati
Kwa upande wa ardhi, msichanganye karatasi tatu. Mchoro wa mipango miji unaonyesha nia ya serikali. Ramani ya upimaji ina tarehe ya kuidhinishwa, na ndiyo inayokuambia bikoni za mipaka ziliwekwa lini. Hati inakuja baadaye, pengine miaka mingi. Mkiandika mtaa ulianza mwaka wa hati, mtakuwa mmewafuta waliojenga kabla ya kupimiwa.

Kwenye upekuzi wa hati, nenda na namba ya kiwanja na ya kitalu. Kama hati iliyopo ilichukua nafasi ya nyingine, uliza namba ya ile ya kwanza, la sivyo mnyororo unakatikia hapo. Mkikuta neno la umiliki wa kudumu, kumbukeni sheria ya 1963 iliugeuza kuwa pango la serikali la miaka 99. Kwa hiyo karatasi yenye miaka 99 kuanzia 1963 si kiwanja kipya.

Kwa wazee, usimuulize mtu "mwaka gani". Atakupa mwaka kukuridhisha tu. Uliza kwa matukio: treni ya Arusha ilikuwa imeshaanza (1929)? Chama cha ushirika cha kahawa, KNCU, kilikuwepo (1933)? Uhuru (1961)? Hospitali ya KCMC imefunguliwa (1971)? Ukipata "baada ya hili, kabla ya lile" kwa wazee watatu ambao hawakukaa pamoja siku hiyo, una kitu cha kuandika. Wakikaa pamoja, mwenye sauti kubwa ndiye atakayekuwa historia.

Mjumbe_Njoro
Asanteni sana, bango tunalibadilisha. Kuna kata ya jirani, Soweto, mjumbe mmoja anasema jina ni la enzi za Mjerumani. Inawezekana?

Reli_ya_Tanga
Haiwezekani, mangi. Soweto ya Johannesburg yenyewe ilipewa jina hilo rasmi mwaka 1963, kwa kufupisha maneno ya Kiingereza ya vitongoji vya kusini-magharibi. Jina la hapa haliwezi kuitangulia. Lakini hilo ni jina tu. Watu wanaweza kuwa walikaa pale zamani zaidi kwa jina lingine, na hilo jina lingine ndilo la kuwauliza wazee wa pale.

Bwiru_Nyaraka
Na mkilipata, liandikeni kwenye bango pamoja na la sasa, herufi kwa herufi kama mzee alivyolitamka, kabla mtu wa kuchapa hajalisahihisha.